Motere inakosa nguvu katikati ya mto: ni nani anasikiliza ishara?

Kutoka Masako mpaka bichi za mjini Kisangani kuko karibu kilomita 15 kwa njia ya zamani ya Buta. Masako yenyewe imezungukwa na mto Tshopo, lakini pale watu wanavuka kwa kafi. Balenyere za mto Kongo haziwezi kupanda mpaka kule, sababu maporomoko ya Tshopo na barrage ya umeme vinafunga njia. Basi mukaaji wa Masako anaweza kuuliza: hii habari ya motere za mabwato inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu sana. Chumvi, sabuni, samaki ya kukauka na mchele tunaokuta sokoni, sehemu kubwa ilipita juu ya mto. Mwanafunzi anayeenda kusoma Yangambi anapita mto. Mama muchuuzi anayeshuka Isangi kutafuta mchele, ao anayeendelea mpaka Basoko, anapita mto. Kisangani ni bandari ya mwisho kwa masua zinazotoka Kinshasa, safari ya kilomita 1.734. Njia za gari zikiharibika na mvua, mto njo unabaki barabara yetu kubwa. Na juu ya hiyo barabara, roho za watu wengi zinategemea motere moja iliyofungwa nyuma ya pirogi.

Kuko ugonjwa mmoja wa motere ambao kila msafiri wa mto amekwisha kuuona. Asubuhi motere inawaka vizuri. Inatoka bichi polepole bila shida. Mwendeshaji anafika kwenye maji yenye nguvu, anafungua gazi yote, motere inakimbia dakika tano, dakika kumi, kisha sauti inashuka. Pirogi inakuwa nzito. Akipunguza gazi, motere inapumua tena. Akifungua tena, inaanguka tena. Abiria wanaulizana: "Motere iko na nini?" Mmoja anasema ni ya zamani, mwingine anasema mto ule iko na wenyewe.

Si uchawi, na mara mingi si uzee. Motere inayokosa nguvu kwa mbio kubwa inatoa ishara mbele ya kuzimika kabisa. Ishara ile inaweza kusikika bichi, mbele ya mtu yeyote kupanda. Shida ni kwamba pale bichi hakuna anayengoja kuisikia.

Ajali tulizoziona, na jambo ambalo halitajwi

Tukumbuke kidogo. Mwezi wa Aprili 2019, kisha ajali ya ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe na kuagiza kila msafiri avae jile ya kuokoa. Tarehe 3 Oktoba 2024, masua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya Goma, karibu sana na bichi ya Kituku, ikiwa imejaa kupita kiasi. Aprili 2025, balenyere HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka. Mtu alikuwa anapika ndani, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Septemba 2025, ndani ya siku mbili tu, ajali mbili za jimbo la Équateur, moja Basankusu na nyingine Lukolela, ziliua watu karibu 200.

Kisha kila ajali, viongozi wanataja mambo yale yale: mzigo kupita kiasi, safari za usiku, kukosa jile, chombo kilichochoka. Na wanasema kweli. Hatusemi kwamba motere njo ilileta ajali hizo tulizotaja. Lakini motere iko katikati ya mambo hayo yote, na inatajwa kidogo sana.

Angalia namna inavyokwenda. Mzigo ukizidi, motere inafanya kazi juu ya nguvu yake, inapata moto, inachoka. Ikichoka, safari ya saa sita inakuwa ya saa kumi, na giza linawakuta watu katikati ya mto ingawa walitoka mchana. Na pirogi iliyokosa nguvu haiwezi kushika uso wake mbele ya maji. Inageuka ubavu. Pirogi ya ubavu, yenye watu na magunia mpaka juu, inahitaji wimbi moja tu, ao gogo moja, ao abiria kumi wanaosimama kwa woga upande mmoja.

Njo maana motere iliyokosa nguvu si hasara ya mwenye motere peke yake. Ni jambo la usalama wa watu wote.

Kwa nini polepole ni sawa, mbio ni mubaya?

Watu wengi wanadanganyika hapa. Wanasema: motere iliwaka vizuri na ilitembea vizuri, basi ni nzima. Lakini motere ya polepole na motere ya mbio ni kama watu wawili.

Motere ya mipigo miwili ya nguvu 40, aina inayoonekana sana juu ya mito yetu, inapofunguliwa gazi yote inaweza kunywa kati ya lita 15 na 20 za esanse kwa saa moja. Polepole inakunywa kidogo sana, pengine lita mbili. Tiyo iliyozibwa nusu inatosha kupitisha lita mbili. Lita 20 haziwezi kupita. Tena ndani ya karbiratere kuko jikleri ndogo ya mwendo wa polepole na jikleri kubwa ya mbio. Ile kubwa ikiwa na uchafu, polepole hutasikia kitu. Utasikia paka siku utafungua gazi yote.

Mtu wa Masako mwenye tronsoneze anajua jambo hili hata kama hajafika bichi: masini inanguruma vizuri pale inangoja, lakini ikiingia ndani ya mti inazimika. Ni ugonjwa uleule, sababu ni motere ya namna ileile, na inakunywa esanse ya bidoni zilezile.

Swali la kwanza: sauti inapanda ao inashuka?

Mbele ya kufungua hata boloni moja, mekanisie muzuri anasikiliza.

Kama pirogi inapunguza mwendo lakini motere inalia juu kuliko zamani, motere iko na nguvu ila nguvu haifiki majini. Shida iko kwa elisi. Pengine majani yameizunguka: yale majani ya kuelea tunayoyaita Kongo ya sika, ambayo yanasumbua mto huu tangu miaka ya 1950, ao plastiki, ao kipande cha wavu. Pengine bawa limepinda kwa kugonga jiwe. Pengine motere imefungwa juu sana na elisi inakamata hewa pamoja na maji. Bamba lililo juu ya elisi linapaswa kuwa karibu sawa na chini ya pirogi.

Kuko pia jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani ya elisi nyingi kuko mpira unaoshika chuma cha kati. Elisi ikigonga gogo, mpira ule unaokoa gia, lakini ukichoka unateleza: polepole unashika, kwa mbio unaacha. Kuujaribu ni rahisi. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka chuma cha kati mpaka sehemu ya nje ya elisi. Fanya safari. Kama mistari miwili haitazamani tena, mpira umekwisha.

Lakini kama sauti ya motere yenyewe inashuka pamoja na mwendo, hapo shida ni chakula, moto wa bugi, joto, ao mzigo. Na kwetu, anza na chakula.

Esanse ya bidoni na safari yake ndefu

Esanse inafika Kisangani ikiwa imechoka. Ingine inapanda mto juu ya barji kutoka Kinshasa, na maji yakipunguka barji zinaweza kukaa siku mingi juu ya mchanga. Ingine inatoka upande wa mashariki, kwa mpaka wa Uganda, inapita Beni, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende kwa barabara nambari 4. Mwishoni inauzwa na kadhafi kando ya njia, kwa chupa na bidoni. Kila mara inapomiminwa kutoka pipa kwenda bidoni, bidoni kwenda chupa, inapata nafasi ya kuingia maji ya mvua, kutu, mchanga, ao petroli ya taa iliyoongezwa ili ijae.

Hatusemi kadhafi wote ni wadanganyifu. Bila wao pirogi mingi hazingetoka. Lakini mnunuzi iko na haki ya kuangalia, na kuangalia hakulipishi kitu.

Kwa maji: weka esanse ndani ya chupa nyeupe ya kuonekana, iache nusu saa. Maji ni mazito, yatakaa chini na utaona mstari. Kwa petroli ya taa: mbele ya kuchanganya mafuta ya motere, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Esanse safi inakauka bila kuacha alama ya mafuta. Ikibaki doa ya kung'aa, kuna kitu kimeongezwa. Esanse yenye petroli inaweza kuwasha motere, ndiyo. Lakini gazi ikifunguliwa yote na mzigo ukiwa mkubwa, motere inagonga ndani, inapoteza nguvu, na pistoni inaweza kuungua.

Kitambaa cha kuchujia kinashika mchanga, hakishiki maji yote. Dawa nzuri zaidi ni uvumilivu: acha bidoni itulie usiku mzima, mimina ya juu polepole, na vidole viwili vya chini usivitie ndani ya motere.

Halafu kuna kuchanganya. Kitabu cha motere nyingi za mipigo miwili kinaomba sehemu 50 za esanse kwa sehemu moja ya mafuta, na 25 kwa moja siku za kwanza za motere mpya. Kwa bidoni ya lita 20, hiyo 50 kwa moja ni desilita 4 za mafuta: chupa ya nusu lita isiyojaa. Wengi wanamimina kwa macho. Mafuta yakipungua, pistoni inakauka na motere inasere, na hapo garama yake inapita garama ya safari mingi. Yakizidi, moshi unajaa, bugi zinakuwa nyeusi, nguvu inashuka. Tumia kipimo, si jicho.

Bidoni inayokosa pumzi

Kuko kosa moja dogo linaloleta ugonjwa huu kila siku, na dawa yake ni bure. Esanse ikitoka ndani ya bidoni, hewa inapaswa kuingia kuchukua nafasi yake. Rezervuari ya motere iko na parafujo ndogo juu ya kifuniko kwa kazi hiyo. Watu wanasahau kuifungua. Wengine wanatumia bidoni ya kawaida, wanapitisha tiyo ndani ya kinywa chake na kufunga na kitambaa ao plastiki ili esanse isimwagike. Dakika za kwanza inakwenda. Kisha bidoni inabonyea, motere inavuta na haipati. Fungua kifuniko: ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, na motere ikirudisha nguvu, umepata jibu.

Shika pia ile pompi ndogo ya mpira iliyo katikati ya tiyo. Kama imelala bapa motere ikiwa inakimbia, kuna kitu kimeziba nyuma yake, upande wa bidoni. Kama ukiikamua kwa mkono nguvu inarudi, basi pompi ya esanse ya motere imechoka, mara mingi ni ngozi yake ya ndani, ao tiyo inanyonya hewa pahali. Tiyo iliyofungwa na kipande cha mpira wa tairi ni mshukiwa wa kwanza.

Kisha angalia filtere. Kisha tu njo ufungue karbiratere. Na pale, tafadhali, usitoboe jikleri kwa waya. Tundu lake lilipimwa kiwandani. Waya inalipanua, na kisha hapo motere haitakunywa tena kwa kipimo. Puliza kwa hewa, safisha kwa esanse safi, rudisha.

Bugi, na mkojo wa motere

Motere nyingi za nguvu 40 ziko na silindere mbili. Moja ikiacha kufanya kazi kwa mbio, motere haizimiki, inabaki tu na nusu ya nguvu yake. Toa bugi zote mbili uzilinganishe. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi na yenye kulowa: haichomi ao inapewa mafuta mingi. Nyeupe kabisa: inapata joto kupita kiasi, mara mingi kwa kukosa chakula. Kama bugi mpya haibadilishi kitu, na ugonjwa unakuja paka motere ikipata moto, bobini inaweza kuwa inachoka. Hiyo ni kazi ya mekanisie mwenye vipimo.

Joto lenyewe lina shahidi wake: ule mkondo mdogo wa maji unaotoka nyuma ya motere, watu wanauita mkojo. Ukiwa na nguvu, motere inapoa. Ukiwa mwembamba ao ukikatika, punguza gazi, zimisha, inua motere, ondoa majani na plastiki kwenye mlango wa maji. Isiporudi, turbini ya mpira ya pompi ya maji imekwisha. Mto wetu unabeba mchanga mingi, zaidi wakati maji yako chini, na mchanga unakula mpira ule. Na wale wanaowasha motere nje ya maji ili kumuonyesha mnunuzi kwamba inalia, wajue wanaichoma turbini hiyo hapohapo.

Mzigo hausamehe

Pengine umeangalia yote na kila kitu ni sawa. Basi motere ni nzima na mzigo njo ugonjwa.

Kila motere inapaswa kufika mizunguko fulani kwa dakika gazi ikiwa wazi yote. Kwa nyingi ni kati ya 4.500 na 5.500. Mzigo ukizidi haifiki pale. Inasukuma kama baisikeli ya toleka inayopanda mlima kwa gia kubwa: mpandaji anakanyaga kwa nguvu yake yote, baisikeli haiendi. Motere inayofanya hivyo saa sita inakunywa esanse mingi, inapata joto, na inakufa mapema. Elisi yenye mabawa ya kulala kidogo inasaidia pirogi nzito, lakini haiwezi kubadilisha motere ya nguvu 15 kuwa ya 40.

Na usisahau maji yaliyo ndani ya pirogi yenyewe. Yakifika bidoni 20 za lita 20, umebeba kilo 400 ambazo hakuna mtu aliyezilipia.

Ikitokea katikati ya mto

Punguza gazi mara moja. Usiendelee kuilazimisha: motere inayokosa chakula ao maji inaungua kwa kulazimishwa. Shika uso wa pirogi mbele ya maji na uuelekeze kidogo kidogo kwenye kando iliyo karibu. Abiria wakae chini, kila mtu pahali pake. Kafi na upondo viwe mkononi, si chini ya magunia. Kisha angalia mambo matatu ya haraka: kifuniko cha bidoni, pompi ya mpira, mkojo wa motere. Elisi inaguswa paka motere ikiwa imezimishwa.

Karbiratere haifunguliwi ndani ya pirogi yenye watu na mbabula. Esanse inayomwagika juu ya mbao, na moto wa kupikia karibu, tulikwisha kuona jinsi moto unavyokwenda ndani ya balenyere.

Nguvu ikirudi nusu, nenda na nusu hiyo mpaka kijiji cha kwanza. Usitafute kulipa saa ulizopoteza. Kulala kijijini bila kupanga ni aibu ndogo.

Nani anapaswa kuangalia?

Hapa njo kwenye kiini. Mwendeshaji anajua motere yake inakohoa. Lakini motere mara mingi si yake. Mwenye motere anangoja verseman kila safari, na siku ya kutengeneza ni siku bila verseman. Mwendeshaji akikataa kutoka, kesho mwingine atachukua nafasi yake. Akitoka na ajali ikatokea, yeye njo atashtakiwa. Kwa hiyo ananyamaza na kuomba Mungu.

Komisarya ya mito iko na kazi ya kuruhusu vyombo kutoka. Régie des voies fluviales iko na kazi ya kuonyesha njia salama ndani ya maji. Hatua zilizotangazwa kisha ajali, jile na kukataza usiku, ni nzuri na zifuatwe. Lakini jile inasaidia mtu akiwa amekwisha kuanguka majini. Sisi tunauliza juu ya kitu cha kuzuia asianguke.

Pendekezo ni dogo. Mzigo ukiwa umepakiwa na mbele ya abiria kupanda, pirogi ipande mto dakika kumi, gazi wazi yote, kisha irudi. Dakika mbili hazitoshi, sababu ugonjwa huu unajificha mpaka motere ipate moto na bidoni ikose pumzi. Garama yake? Kwa lita 15 ao 20 kwa saa, dakika kumi ni karibu lita tatu. Lita tatu, uzigawanye kwa abiria wote. Motere ikishika nguvu dakika zote kumi, itoke. Isiposhika, itengenezwe, na safari ingoje.

Wenye mabwato watasema esanse ni ghali na vyuma vya kweli ni vigumu kupata, zaidi tangu vita ilipovuruga biashara na Goma na Bukavu mwaka 2025. Ni kweli. Lakini hesabu tena orodha hii: kufungua kifuniko, kusafisha filtere, kuacha bidoni itulie, kupima mafuta, kutoa majani kwenye elisi, kukausha pirogi. Hakuna hata moja inayoomba chuma kutoka Kinshasa. Vyuma vitatu ao vine vya kubeba kila safari, yaani bugi mbili, turbini moja, filtere moja na kipande cha tiyo, vinaingia ndani ya mfuko mdogo. Na mashirika ya wenye mabwato yanaweza kununua kwa pamoja ili kila mmoja asikimbie peke yake. Balenyere kubwa inayobeba mamia ya watu na motere moja tu, bila hata ndogo ya akiba, hiyo nayo ingepaswa kuwa swali la kwanza bichi.

Maswali ya msafiri

Wewe msikilizaji, uwe wa Masako, wa Lubunga ao wa Isangi, huna mamlaka ya kusimamisha pirogi. Lakini ulilipa, na una mdomo. Mbele ya kupanda, uliza kwa heshima: Papa, jana motere ilishika nguvu mpaka mwisho? Bidoni zina pumzi? Maji yanatoka nyuma ya motere? Kuko bugi na turbini za akiba? Kafi ziko wapi? Mwendeshaji muzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba kuna mtu anamuunga mkono mbele ya mwenye motere. Akijibu kwa matusi, hilo nalo ni jibu. Chukua mzigo wako ungoje pirogi ingine.

Watu kumi wakiuliza hivyo kila asubuhi kwenye bichi moja, mwenye motere ataanza kutengeneza bila kungoja barua ya serikali. Na chumvi itafika Masako.